Upepo Uliozidi Kwenye Mlima wa Rondo

Mtanda, Lindi. Jumapili jioni.

Mvua ya asubuhi ilikatika na sasa jua linaelekea kuzama. Mikono yangu bado inanuka petroli. Nimechoka, lakini moyo umetulia kidogo.

Alhamisi tulishindwa kufika Rondo. Mama mzazi wa mke wangu Zuhura alibanwa na pumu huko juu, katika kijiji cha ujamaa walikohamishiwa, na ilitupasa tumlete hospitali. Pikapu yangu ni kuukuu. Mwenyewe niliifungia tabo, yaani pangaboi la kushindilia upepo kwenye injini, nililolitoa kwenye mtambo mbovu wa kuchonga barabara. Bila hilo haipandi mlima ule.

Siku hiyo ilipanda kwa nguvu nisizozitegemea, kisha injini ikaanza kugonga kama mtu anatwanga kokoto. Geji ya upepo ilikuwa imepita alama nyekundu. Nikageuza, tukarudi polepole.

Njia nzima Zuhura alikuwa akigeuka kuutazama mlima.

Kazi ya kuzuia upepo usizidi ni ya vali niliyoitengeneza kwa mikono yangu. Upepo ukifika kiwango, unapita kwenye mpira mwembamba na kuisukuma vali ifunguke, ili moshi wa ekzosi upite kando badala ya kuzidi kulizungusha tabo. Nikaamua kwamba springi ya vali ni ngumu mno. Ijumaa nikaweka laini zaidi. Ikagonga vilevile. Nikafungua vali, nikaisafisha, nikairudisha. Bado.

Nikapandwa na hasira, nikamwambia Zuhura nang'oa tabo lote.

"Ukiling'oa, mama atashuka na nini?" akauliza. Kisha akaongeza, "Baba Asha, si inagonga ikishapata moto? Mbona kila mara unaikagua ikiwa baridi?"

Nilitamani kubisha. Lakini alisema kweli.

Jana tukaiendesha hadi Mitwero na kurudi, nikafungua boneti hapo hapo, injini ikiwa inafuka. Ule mpira mwembamba niliupitisha karibu mno na ekzosi. Kwa joto ulikuwa umelegea na kujikunja, umeziba kabisa. Upepo haukuwa unafika kwenye vali. Ukipoa, mpira unajinyoosha kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nikaweka kibomba cha shaba cha friji bovu, nikakipitisha mbali na moto. Tukajaribu kilimani. Mshale wa geji ukapanda hadi kwenye alama, ukatulia hapo.

Leo tuliondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Kwa agizo la serikali la kubana matumizi ya petroli, Jumapili magari binafsi hayaruhusiwi barabarani baada ya saa nane mchana, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuharibikiwa. Mlima wa Rondo tuliupanda bila kugonga hata mara moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu." Kisha hakuweza kuongeza neno, pumzi ilikuwa inamkata. Tukampandisha mbele, upande wa mlangoni, Zuhura akakaa katikati. Mimi na mkwe wangu hatujawahi kukaa karibu namna ile. Nilitazama barabara tu.

Katika mwinuko mmoja wa njiani tabo likaanza kulia. Mama akashika mkono wa Zuhura.

"Huu mluzi," akasema kwa shida, "ni gari au kifua changu?"

"Ni gari, mama," nikajibu.

"Alhamdulillahi. Nilidhani ndiyo naondoka."

Zuhura akacheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. Baadaye nikaona kwamba hacheki tena, analia. Sikusimamisha gari.

Tulifika hospitali kabla ya saa nane. Wamempiga sindano, na nilipoondoka alikuwa amesinzia akiwa ameketi, anavuta pumzi ndefu. Zuhura amebaki naye.

Nyumba iko kimya mno. Kesho asubuhi nitawapelekea uji na kanga safi. Nitakwenda kwa miguu, petroli imekwisha.