Harufu Katika Mlango wa Upande Wako

Papa Kasereka,

Ninaanza na kosa langu, kwa kuwa katika kazi yangu habari nzito ndiyo inayotangulia. Siku tuliyokuzika nilisema kwenye radio kwamba gari lako lilichomwa na watu wenye silaha kati ya Mushaki na Karuba. Haikuwa kweli. Hakuna mtu aliyelichoma. Liliungua lenyewe, na moto ulianzia ndani ya mlango wa upande wako.

Ninaandika nikiwa ofisini, asubuhi, kabla ya habari za saa sita. Upande wa Sake kuna mawingu meusi, na hayo ndiyo yananifanya niandike haraka. Miaka sita ulinipeleka Masisi na kunirudisha, na sikuwahi kukuandikia zaidi ya kikaratasi cha kukuambia saa ya kuondoka. Leo nina mengi.

Wewe na mdogo wako Muhindo mlinunua gari mbili aina ya jipu siku moja, zimefanana kama mapacha: viti saba, rangi ya majivu, usukani upande wa kulia, ingawa kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Familia za nchi ya mbali zilikuwa zimezitumia, zikaziuza, zikapakiwa melini, zikafika Goma bado zina makombo ya biskuti chini ya viti. Kwenye kioo chako cha nyuma kulikuwa kumebandikwa alama ya shule ya watoto wadogo. Ulikataa kuibandua. "Wacha, Mama Radio. Batoto ba kule balikuwa banaenda ku masomo na hii gari. Iko na akili kunipita."

Kabla ya kila safari nilinakili namba ya gari na namba ya chasi kutoka kwenye karatasi zako. Mara ya kwanza uliniuliza sababu, nikakuambia: gari likiungua, namba ya chasi ndiyo inayobaki. Ulicheka mpaka ukaegemea boneti. "Weye unanizikaka kila asubui, Mama Radio." Safari moja tuliyokwenda wote na Muhindo nilinakili na ya kwake. Daftari hilo liko mbele yangu sasa.

Unajua jinsi tulivyopita kwenye bariere, vile vizuizi vya wenye bunduki. Hatua hamsini kabla, vioo vyote vinne chini, mwendo wa polepole, mikono juu ya usukani. Mvua inyeshe isinyeshe. Nilipolalamika kwamba ninalowa, ulisema, "Ule mwenye bunduki analowa toka asubui, Mama. Akikuona mukavu atakasirika." Kwa hiyo tulilowa. Maji yaliingia kwa dirisha lako na kujaa pale unapoegemeza mkono, kwenye vitufe vya kupandishia vioo. Ulivifuta kwa kitambaa, ukapandisha vioo, tukaenda mpaka bariere ya pili, tukavishusha tena. Siku ya mvua nilihesabu bariere tisa kutoka Sake hadi Masisi.

Harufu niliisikia kwanza tukitoka Burungu, siku ile nilipohoji wafugaji waliorudi na nusu ya ng'ombe wao. Harufu ya plastiki inayopata moto. Ulisema ni makaa ya watu wa kilimani. Safari iliyofuata ulisema ni breki. Fundi wako alifungua breki akasema hazina neno. Ukarudi kwa aliyekuuzia, na akakujibu mbele yangu, "Papa, gari ya Ulaya inanukaka mwanzo. Haiyazoea." Hata wewe ulicheka. Kisha ukanunua kipande cha sabuni, ukakiweka kwenye mfuko wa mlango, na Muhindo akaweka cha kwake vilevile. Tangu hapo tulisafiri ndani ya harufu ya sabuni, na nyingine tukaacha kuizungumza.

Siku yenyewe sikuwa nawe. Nilifika Karuba mchana, kwa pikipiki. Gari lilikuwa limebaki chuma. Mama Furaha, yule muuza fromaji, zile jibini za Masisi, uliyekuwa umempakia yeye na dada yake, alikuwa ameketi kwenye jiwe bila viatu. Nilimwekea maikrofoni. Haya ndiyo maneno yake, nimeyasikiliza tena jana kutoka kwenye kanda:

"Tulisikia masasi kule yulu ya kilima. Kisha moshi ikatoka mu mulango ya Papa, pale penye kufungulia vioo. Nikamuambia: Papa, simama, mulango iko naungua! Akasema: Hapa hatusimamake, Mama. Akaenda tu."

Hapo hatukuwa tukisimama kweli. Kona ile ilikuwa na sifa yake, na wewe ndiwe uliyenifundisha kutosimama hapo hata kwa kujisaidia. Uliendesha kilometa mbili hivi na moto ubavuni. Ulipoziona nyumba za kwanza za Karuba uliliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo wa kulia, kama kawaida yako, ili njia ibaki wazi kwa mwingine anayekimbia. Wale mama wawili walitokea kushoto. Upande wako kulikuwa na moto, na nyuma ya moto, ukingo. Kiti cha pili cha mbele, cha kushoto, kilijaa fromaji. Ulikuwa ukiziweka hapo zipate hewa.

Hukutoka.

Kamanda wa Mushaki alikuja, akatazama chuma, akasema mbele ya maikrofoni kwamba ni shambulizi. Alilisema kama mtu anayesema saa. Risasi alizosikia Mama Furaha zilikuwa kweli. Gari lililoungua lilikuwa kweli. Kuviunganisha ilikuwa kazi yangu mimi. Studio nilibakiza maneno ya Mama Furaha kuhusu masasi na nikakata yaliyofuata. Sekunde kumi na moja. Nilijiambia mama huyu amechanganyikiwa, kwa kuwa hapa kwetu kila mtu anajua kinachounguza magari. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu. Mwanafunzi angefanya hivyo ningemwondoa kwenye meza.

Sasa mambo ya nyumbani. Mkeo Kavira alivaa nguo nyeusi mpaka misa ya mwaka, na baada ya misa akazikunja. Mwanao wa mwisho, Neema, amepoteza meno mawili ya mbele. Anapiga mluzi kupitia pengo, ule ule uliokuwa ukiwafukuzia mbuzi njiani. Wakubwa wawili wanasoma. Muhindo amefungua duka Walikale na anasafiri huko kila mara, kwa lile jipu lake. Alimwambia Kavira ahamie huko na watoto wasaidiane. Niliona ni shauri jema.

Tangu habari yangu ile, madereva hawasimami kabisa kati ya Mushaki na Karuba. Hata gurudumu likipasuka wanaendelea mpaka kwenye nyumba. Kwenye kilio chako Muhindo aliniambia, macho makavu, "Kaka alikufa juu ya kusimama, Mama Radio. Weye mwenyewe ulisema mu radio. Miye sitasimama, hata Bikira Maria anipungie mukono." Watu walicheka kidogo, kwenye kilio, na mimi pia. Sikuwa nimesema kwamba ulisimama, wala kwamba kusimama ndiko kulikokuua. Lakini nilikuwa nimesema jambo ambalo mtu hulielewa hivyo.

Wiki iliyopita nilikuwa Kampala, mafunzo ya siku nne. Kwenye uwanja wa hoteli kulikuwa na jipu kama lako, rangi nyingine, lililonunuliwa jipya na shirika fulani. Nililizunguka. Dereva wake aliniuliza kama ninataka kulinunua. Nikamwambia ninalijua, nilipanda la namna hiyo miaka kadhaa. Akasema, "La kwenu limeenda gereji? Hili kiwanda kimeliita lirudi litengenezwe. Ile swichi ya vioo kwenye mlango, maji yakiingia, inashika moto." Alisema hivyo huku anafuta kioo, kama habari ya kawaida.

Niliingia ndani, nikakaa kwenye kompyuta ya hoteli, nikasoma mpaka chakula cha mchana kikapita. Papa Kasereka, watu wengi sana walisikia ile harufu. Mama mmoja aliisikia akiwasubiri watoto mbele ya shule. Alizima gari, akashuka, akapiga simu. Mzee mmoja aliamka akakuta mlango umekuwa mweusi, gari likiwa limeegeshwa tu nyumbani. Waliandika malalamiko, kila mmoja kwa maneno yake, na wote wanasema plastiki, wote wanasema upande wa dereva, na wengi wanasema dirisha lilikuwa limeachwa wazi kwenye mvua. Wewe nawe ulilalamika. Ulimlalamikia fundi, muuzaji, mimi, hata mwanajeshi mmoja wa bariere aliyekuambia upunguze kuvuta sigara wakati huvuti. Malalamiko yako hayakuwa na mahali pa kufikia.

Kiwanda kiliandika barua kwa kila mwenye gari. Yako ilikwenda kwa familia ya makombo ya biskuti. Labda waliisoma, wakasema lile tuliliuza, wakaitupa.

Kwenye tovuti ya kiwanda kuna mahali pa kuandika namba ya chasi. Nilifungua daftari, nikaandika yako. Jibu: gari hili limeitwa, halijatengenezwa. Niliandika tena, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa jibu linakuwa la gari la mtu mwingine. Likaja lile lile. Kisha nikaandika ya Muhindo. Zinatofautiana tarakimu mbili za mwisho. Limeitwa. Halijatengenezwa.

Nilimpigia Muhindo, simu haikupita. Nilimpigia Kavira, vilevile. Sikuogopa sana, walikuwa wameniambia wataondoka mwisho wa mwezi. Juzi nilipovuka mpaka na simu yangu ikashika mtandao wa kwetu, iliingia habari aliyoiandika Kavira siku moja kabla. Ninainakili kama ilivyo:

"Dada, tumetoka mbele ya siku. Muhindo anaogopa njia itafungwa. Tuko Masisi, kesho tunaendelea Walikale. Mvua mingi, bariere mingi. Batoto banasema sabuni ya mu mulango iko nanuka kuungua. Utuombee."

Kutoka Masisi kwenda mbele minara ya simu imezimwa tangu mapigano yaanze tena. Nilimpigia dereva wa pikipiki ninayemwamini pale Masisi, nikamwomba awafuate. Alirudi jana mchana. "Mama, nilifika Nyabiondo. Mbele kunalia masasi, banatuludisha. Ile gari ya majivu ilishapita. Vioo yote chini. Batoto balikuwa banalowa, banaimba." Nilimuuliza kama aliona moshi. Akasema kwamba upande ule moshi haukosi.

Kwa mvua hii bado wako njiani. Kwa hiyo imebaki radio. Muhindo hakosi habari za saa sita. Hakuna dereva wa njia ile anayezikosa, kwa kuwa ndipo tunaposema wapi pamefungwa. Kitu pekee kinachoweza kumfikia ndani ya gari lile ni sauti ile ile iliyomdanganya.

Nilimweleza mkuu wetu wa radio leo asubuhi. Aliniangalia juu ya miwani. "Mama, ile habari ilishazikwa na muntu wake. Unataka kamanda akuje hapa kuuliza nani alisema yeye ni muongo?" Nikamwambia mwongo ni mimi, yeye alikosea tu. "Na kama Muhindo hasikilize?" Nikamwambia basi atasikia mwingine wa jipu kama lile. Alivua miwani, akaifuta. "Soma. Lakini miye niko ku kiwanja, sikusikia kitu." Hilo kwake ni ruhusa, unamjua. Kamanda yule bado yuko Mushaki na ana radio. Nimeshafikiria hilo, na halibadilishi saa.

Sina hakika atanisadiki. Kwa mwaka mzima amejifunza kwamba kusimama ndiko kunakoua, na mimi ndimi mwalimu. Kama wako mahali pabaya, na masasi yanalia kilimani, na moshi ukatoka mlangoni, atafanya ulivyofanya wewe. Watoto wako watatu wako kiti cha kati na cha nyuma, mama yao yuko nao au mbele, sijui. Hilo ndilo ninalojiuliza zaidi: mbele, kiti cha pili, wameweka nini.

Mvua imeanza kudondoka juu ya bati. Imebaki robo saa.

Sitakuomba msamaha leo; nitauomba nikiwa na jambo la kukuonyesha. Nakuahidi hivi. Nitaweka kwanza sauti ya Mama Furaha, na zile sekunde kumi na moja nitazirudisha mahali nilipozikata. Kisha nitasema jina langu na kusema nilikosea. Nitasoma saa sita, nitasoma jioni, nitasoma kesho, mpaka Kavira aniambie kwa mdomo wake kwamba wameshuka. Wakinifukuza hapa nitaomba maikrofoni kwenye radio ya mapadri.

Pumzika, Papa Kasereka. Uliwafikisha wale mama wawili kwenye nyumba. Hukuwa na kosa.

Baada ya sauti ya Mama Furaha sitasoma kwenye karatasi. Nitasema Kiswahili chenu cha njiani, ili ajue ni kwake: Muhindo, simama pale uko. Hata kama ni pabaya, simama. Kaka yako hakufa juu ya kusimama. Usiegemee ukingo. Toa mizigo mbele, na ushushe batoto upande wa kushoto.