Rais Amemteua Mdogo Wangu kwa Sivii Yangu

Shangazi mpendwa, nisaidie, na kama ni kunitukana naomba unitukane ukishafika mwisho, maana barua tatu za kwanza nilizichana mwenyewe kwa hasira na hii ya nne nataka ifike. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto wanne, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa fundi wa zamu kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji wetu, yaani mimi ndiye ninayekaa na pampu ya dawa, ile inayotia klorini kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa kabla hayajaenda kwenye mabomba ya watu. Pampu hiyo ina kirungu cha kuzungusha chenye namba kuanzia sifuri hadi kumi, na kwa maji ya mto wetu namba yake ni saba, msimu wa tope tunapanda nane, na chini ya saba sijawahi kushuka hata siku moja.

Nina mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja, mtaani wanamwita Kipaza kwa sababu tangu aache shule kazi yake ni kukaa juu ya gari la matangazo na kupiga kelele, leo sabuni, kesho mnada, keshokutwa mkutano wa injili. Baba alipofariki Kipaza alikuwa na miaka tisa, nikamlea mimi, na nakiri nimemdekeza. Uchaguzi ulipofika akachukuliwa kwenye msafara wa mgombea ambaye sasa ndiye Rais wetu, na sifa yake nampa, alilipigia debe jina lile mpaka sauti ikamkauka, na ile ahadi ya maji yasiyonuka dawa, ambayo watu waliishangilia kuliko ya shule na barabara, aliitunga yeye juu ya gari siku mgombea alipochelewa na umati ukaanza kuondoka. Mgombea alipofika akakuta watu wanaiimba, naye akaichukua ikawa yake.

Baada ya ushindi wakaambiwa wote waliohangaika walete sivii, ile karatasi ya elimu na kazi alizofanya mtu. Kipaza akanikuta ndiyo kwanza natoka kazini, ana flashi mkononi, ananiambia, "Kaka, mimi sivii naitoa wapi? Nifanyie chochote, wanafunga leo." Nikasema moyoni huyu wakimsaidia sana watamweka mapokezi, awe anafungulia wageni mlango, basi nikafungua sivii yangu kwenye kompyuta, nikafuta jina langu nikaweka lake, nikabadilisha picha, nikamrudishia flashi yake nikaenda kuoga. Kozi zangu, vyeti vyangu, miaka yangu kumi na tisa, vyote nikaviacha humo humo. Kipaza ana miaka thelathini na moja, Shangazi, ina maana kwa karatasi ile alianza kusafisha maji ya mji akiwa na miaka kumi na miwili, na kule juu hakuna hata mmoja aliyepiga hesabu hiyo. Siku chache baadaye nikapigiwa simu kutoka ofisi kubwa, wananiuliza kama namfahamu mtu huyu kikazi, nikasema namfahamu sana, ni mtu makini. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Sasa wewe umesikia redio kama nilivyosikia mimi. Mshereheshaji wa harusi kapewa magereza, daktari wa meno wa Rais kapewa reli, na mdogo wangu kapewa mamlaka ya maji, mkurugenzi mkuu, "kutokana na uzoefu wake wa miaka kumi na tisa." Chai ilinipalia. Nchi nzima ikawa ubishi mtupu, wengine wanasema Rais hafai, anagawa ofisi kama zawadi za harusi, wengine wanasema mwacheni mtu afanye kazi, na yeye mwenyewe akatokea kwenye televisheni ameinua karatasi juu, akasema, "Someni sivii ya kijana huyu ndipo mbwate." Karatasi aliyoinua ilikuwa maisha yangu mimi, na mimi nimekaa kwenye kochi na vumbi la mtambo miguuni.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea barazani, na wateja wake wote ni wabishi kama yeye. Hakumpigia kura Rais huyu na hafichi. Siku ile alizima cherehani akaniambia, "Baba watoto, mtu anayemkabidhi Kipaza maji ya kunywa hafai kukabidhiwa hata foleni ya choo." Mama yangu naye, ambaye tunaishi naye, akamjibu kuwa wivu utamuua, akatoka nje kuwaambia majirani kwamba amezaa mkurugenzi. Wanawake hao wawili hawajasalimiana tangu siku hiyo, na mimi napita katikati yao kama mtu asiyejua lolote.

Haikupita wiki mbili, Kipaza akaja mtamboni na suti na wapiga picha, akatukusanya akasema Mheshimiwa aliahidi maji yasiyonuka dawa na siku mia moja zinakwisha, kwa hiyo pampu ishuke iwe tatu. Mkemia wetu akasimama akasema kwa tatu watoto wataharisha damu. Akahamishwa wiki ile ile, maabara ikafungwa, wanasema kuna ukarabati. Nikamfuata Kipaza kwenye gari lake nikamwambia, mdogo wangu, tatu haiwezekani. Akanijibu, "Kaka, sivii yangu inasema mimi najua. Au unataka tuseme ni ya nani?" Halafu akacheka, akanipiga bega, akaondoka.

Basi nikafanya hivi. Pampu nikaiacha saba, na kwenye daftari la zamu nikaandika tatu. Nina wiki tisa sasa kila zamu naandika tatu, wenzangu wa zamu nyingine wawili nao wananiachia daftari niwajazie kwa sababu ndiyo desturi yetu, mkubwa wa kituo, yaani mimi, ndiye anayejaza, wao hawagusi pampu wala kalamu. Nilijua watu watalalamika kwamba harufu iko pale pale. Nani kalalamika? Rais amelisifu daftari langu kwenye redio, akawaambia maji hayanuki, na sasa maji hayanuki! Watu wanapiga simu studio kumshukuru Rais, wanasema maji yamekuwa matamu, ngozi zimelainika. Mke wangu, mke wangu huyu huyu, juzi kanywa glasi nzima akasema, "Sipendi kukubali, lakini hili moja amelipatia." Nilitaka kulia. Maji ni yale yale, Shangazi, dawa ni ile ile.

Na sasa mambo yameharibika kabisa. Kipaza anasema damu ni damu, amenipa cheo makao makuu, meza na kiti cha kuzunguka, na Ijumaa hii asubuhi nakabidhi kituo kwa mama mmoja aliyehamishwa kutoka mbali, mtu makini kuliko sisi wote, ambaye habahatishi kitu. Amekwisha kuniambia kwenye simu, "Mimi nafuata daftari lako, kaka, nasikia ndilo limesifiwa na Rais." Akifuata daftari langu atashusha pampu iwe tatu. Halafu Bunge limeunda kamati ya kuwahoji walioteuliwa, na Kipaza anakwenda na nakala ya daftari hilo kama ushahidi kwamba tatu inatosha na hakuna aliyeumwa.

Nikisema, mdogo wangu anafungwa, mimi namwaga unga au nafungwa naye, na mama yangu atakufa kwa aibu. Nikinyamaza, unajua mwenyewe. Na jambo moja linanila: kosa hili ni langu, au ni la Rais aliyeteua mtu bila kumuuliza hata swali moja? Tafadhali usichapishe jina langu, wala mji wangu, wala namba za pampu.

Ndimi, Fundi wa Zamu.

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi, nimefika mwisho, kwa hiyo sasa nakutukana kwa ruhusa yako.

Kwanza nikupe kinachokustahili. Kwa wiki tisa umeshika afya ya mji mzima kwa mkono mmoja, bila shukrani ya mtu, huku ukisikia sifa zako zikienda kwa wengine. Inauma, na naamini umelala vibaya. Asante kwa hilo. Sifa zimeishia hapo.

Ulikuwa ndiyo kwanza unatoka kazini, unasema, ukaenda kuoga. Haya, tuseme siku ya sivii ulichoka. Na siku ya simu je? Ofisi kubwa ilikupigia wewe, ikakuuliza wewe, na kama ungesema "huyo ni mdogo wangu na anauza sabuni kwa kipaza sauti," leo angekuwa anafungulia wageni mlango kama ulivyomtakia, na mama yako angemsifu vile vile. Hukuwa umechoka siku hiyo, baba. Ulikuwa unaona raha kumsikia mtu wa juu akikuuliza maoni.

Unaniuliza kama kosa ni la Rais. Mtu anayeinua karatasi mbele ya nchi nzima bila kuisoma hafai, na mimi sihitaji kamati kuniambia. Anayekuta wimbo wa mpiga kelele akaugeuza kuwa sera ya maji, huyo hafai mara mbili. Haya, nimesema, nitapigiwa simu na mhariri. Lakini wiki hii nimepokea barua arobaini za watu wanaobishana juu ya uteuzi huu, mabwana na wake zao, mashemeji, majirani waliogawana ukuta, wote wanapiga kelele na hakuna hata mmoja mwenye ushahidi. Wewe peke yako unao, umeuandika kwa mkono wako, na umeuandika kinyume! Wapinzani wanamwambia Rais umekosea, wewe kila siku kwa kalamu unamwambia umepatia. Umempa ushindi ambao hata Kipaza na gari lake asingeweza kumpa. Unamlaumu mkeo kwa glasi moja ya maji? Aliliamini daftari lako, na nchi nzima ilifanya hivyo hivyo.

Ulidhani unawakinga watu na sumu, kumbe ulikuwa unawawekea akiba. Hao wenzako wawili nao umewazoesha kutoshika kalamu, kwa hiyo hakuna wa kukusahihisha. Ijumaa unaondoka na kirungu kinabaki na mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio utakaowaumiza watoto, kwa sababu atatii uongo wako neno kwa neno. Kipaza hakuandika tatu kwenye daftari lile. Hata kalamu ya kituo hajaishika.

Na mama yako usinitishie naye. Akina mama hatufi kwa aibu, mimi mwenyewe ningekuwa nimezikwa mara sita. Atalia, atakununia, atasema umemuuza mdogo wako, na pengine hatakusamehe. Utaishi na hilo. Kuna wanawake katika mji wako ambao pampu ile ikishushwa hawatakuwa na mtoto wa kumnunia.

Sasa sikiliza, maana barua yako imenifikia Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi, na huna siku ya kuchezea. Ukimaliza kusoma hapa, mwambie mkeo yote, usiiruke sivii ukasema pampu tu. Azime cherehani akusikilize. Kisha nenda kituoni leo, fungua daftari, na kila penye tatu ya uongo piga mstari mmoja, andika saba pembeni, tia sahihi na tarehe ya leo. Usifute wala usichane karatasi, nakujua wewe na kuchana. Piga picha kurasa zote. Mpigie mama huyo anayekuja, mwambie kwa sauti yako namba ya kweli, na Ijumaa mshike mkono umwoneshe kirungu kilipo. Mtafute mkemia aliyehamishwa, ndiye shahidi wako, na alikuwa na ushujaa ulioukosa wewe. Peleka kwenye kamati ya Bunge sivii zote mbili, yako na ile ya flashi, ziwekwe meza moja, wapige hesabu ambayo ofisi nzima ilishindwa kupiga. Kiti cha kuzunguka ukikatae kwa maandishi.

Mdogo wako mpigie kabla hujaingia kwa kamati. Mpe saa moja ya kujiuzulu mwenyewe, kwa sababu umemlea. Akikupiga bega tena, ondoka. Hiyo ni saa moja, si wiki moja.

Sitakudanganya kwamba mambo yatakunyookea. Unga utamwagika, na huenda kweli ukalala rumande. Rais atasema hakukufahamu, redio itakuita mhujumu, na watu wale wale wanaosema maji ni matamu wataanza kusikia harufu siku hiyo hiyo wakikulaani. Ndiyo malipo ya wiki tisa, na mimi siwezi kukupunguzia.

Jina lako nimelificha, na mji wako nimeuficha kama ulivyoomba. Namba sikuzificha, na sababu utaielewa, kwani sina hakika kama utakuwa na moyo wa kufanya hata moja kati ya niliyokuambia, na watoto hawawezi kukusubiri ujipime.

Kwa hiyo wewe mama unayekwenda kupokea kituo Ijumaa, sikufahamu, lakini ukikabidhiwa daftari lililosifiwa na Rais, lifunge. Si tatu, mama. Ni saba, na msimu wa tope ni nane. Acha yanuke.