Pongo wa Bondeni Kwetu

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na kazi ya karakana haikuchoshi mno. Huku miili ni mizima. Goti la mama limetulia, ingawa bado anapanda ngazi kwa kunung'unika. Anakuulizia kila siku.

Dada ameniambia umeuliza kambi yetu ya watalii inaendeleaje. Ndugu yangu, nimechoka hadi nimechoka kuchoka. Wageni wanataka wanyama kana kwamba tumewafungia stoo. Juzi walikuja walimu saba, wakakaa kwenye kibanda cha kutazamia tangu alfajiri, darubini shingoni. Hadi saa nne walichokiona ni punda wetu. Mama mmoja akaniuliza, bila utani, pongo, swala wetu wa vichakani, hufunguliwa saa ngapi.

Na afisa wa wanyamapori, yule tuliyemwita Bwana Kibali, hajaacha mambo yake. Alikuja akasema choo kiko karibu mno na kijito. Nikachimba kingine, mikono ikatoka malengelenge. Akarudi, akapima kwa hatua zake, akasema sasa kiko mbali mno na mahema. Nilimuuliza wageni wajisaidie wapi, hewani? Akaandika hilo nalo kwenye daftari lake.

Lakini tatizo kubwa unalijua. Tangu pongo wetu Shangazi afe, wenzake hawatoki tena kichakani. Wageni walikuja kwa ajili yake. Nani mwingine alikuwa na pongo jike anayesimama hatua ishirini kutoka kwenye hema, akitafuna majani na kuwatazama watu kama anayetafuta kasoro zao? Jina hilo ulimpa wewe. Wewe pia ndiye uliyemsihi baba asililime bonde, ukafyeka njia zote kwa panga lako.

Sasa nifike ninapoogopa kufika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, miezi minne sasa.

Waya uliomnasa Shangazi ulikuwa wangu. Niliukata kwenye ua wa zamani wa kuku, nikatega tanzi kwa ajili ya nungunungu waliokuwa wakimaliza viazi vyangu. Kisha wageni wakaja wengi, nikasahau kuutegua. Baba alipotuita sebuleni na waya ule mezani, wote walikutazama wewe, kwa sababu utotoni ulitega sungura. Ningeweza kunyamaza tu, na hilo lingekuwa baya vya kutosha. Mimi nikasema, "Nani mwingine humu ndani anajua kufunga tanzi?"

Uliniuliza neno moja tu: "Kaka?" Nikatazama mlango. Asubuhi yake ukafunga begi.

Jana nilimwambia baba, mama akisikia. Nilidhani atanifokea. Badala yake akasema nikuandikie kwa mkono wangu mwenyewe, maana uongo niliusema kwa mdomo wangu mwenyewe. Akachukua panga akaenda kusafisha njia zako, na umri ule. Nilipomfuata kumsaidia, aliniambia nirudi. Mama naye chakula changu amekifunika, ameniwekea pembeni nile peke yangu.

Baba ameamua kwamba ukirudi, kambi utaiongoza wewe, na mimi nitakuwa chini yako. Nimekubali, wala sikulazimishwa. Nimeshamwambia dada ukweli, na jioni hii nitawaambia majirani mmoja mmoja, maana kwao pia nilikuchafua.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukija, anzia kwa mama. Mimi nitakuwa uani, nitasubiri uniite, na usiponiita nitaelewa.

Wasalimie wenzako wa karakana. Dada anakusalimu, na baba ameniagiza niandike kwamba anakuomba radhi. Hilo amelirudia mara mbili.

Ni mimi niliyekukosea,
Kaka yako