Kitambaa Juu ya Masini

Mama na Orly,

Nimekimbilia ku iniversite. Sombe iko mu sufuria, muongeze chumvi. Masini ya kompyuta ~~musiguse mpaka nirudi~~ mutumie tu, imepona.

Asubuhi fundi Michel aliifungua: diski ilikuwa inachoma vidole, ndiyo maana masini ilikuwa inazimika yenyewe. Alileta radiatere mbili, vyuma vya kuipozesha. Nikachagua ile nene ya meno-meno, kumbe mufuniko inakataa kufunga! Tukabandika ile nyembamba kama biskuti. Sasa haizimike tena, na kazi yangu ya kumaliza masomo iko yote, hata ukurasa moja haikupotea. Nililia mbele ya fundi, Mungu wangu.

Halafu akauliza: «Nani anafunikaka masini na hii kitambaa wakati inawaka?»

Orly, siku tatu nimekugombeza eti ni michezo yako ndiyo iliiharibu. Kumbe ni miye nilikuwa naifunika, nikiogopa mavumbi, joto inakosa kutoka. Unisamehe, mudogo wangu.

Mandazi ya hapa mezani ni yako yote, Mama asikudanganye. Nimeifunika na kile kitambaa. Mandazi, yenyewe inapenda joto.

Yaya, mukubwa wako