Mrusho Niliouchagua Nchi Kavu

Jumanne, 3 Septemba
Uwanja wa ndege tena, asubuhi. Uwanja ni jina tu, ni nyasi zilizofyekwa katikati ya pori la Ugalla. Nimefunga kinyuzi cha sufu mwisho wa mshipi badala ya inzi, nisije nikajitoa jicho kwa ndoano. Inzi wenyewe ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano yafanane na mdudu. Wageni wanatoka ng'ambo kuja kuvua kibebe, samaki mwenye meno kama ya mbwa, kwa manyoya hayo. Wakimpata wanamrudisha mtoni. Siulizi. Nataka kazi.

Kaka Kulwa, kiongozi wetu wa uvuvi, jana alinionyesha mirusho miwili. Wa juu: unainua mshipi, unautupa nyuma, unasubiri unyooke, ndipo unauleta mbele. Wa kuviringisha: huutupi nyuma kabisa, unauvuta polepole mpaka ubavuni, kisha unausukuma ujifunue mbele. Alisema anayeanza achague mmoja aujue vizuri. Meneja wa kambi atanijaribu kundi la wageni la mwisho wa mwezi likifika. Nikishindwa, narudi nyumbani Puge.

Puge sina ng'ombe.

Alhamisi, 5 Septemba
Wa juu, siku nzima. Kila nikirusha mshipi unalia kwa nguvu, na sufu inakatika. Mkono unadhani umeshika mjeledi. Tulilima hivyo miaka yote, mke wangu kwenye plau, mimi pembeni nikiwaswaga maksai wetu, Sukari na Meja. Mwaka huu ugonjwa wa ndigana umewaua wote wawili, wiki moja. Wamekufa na mkono bado unawachapa.

Nilikaa kwenye nyasi nikalia. Mbung'o wakanikuta hapo hapo, hawana adabu.

Jumapili, 8 Septemba
Kaka Kulwa ameondoka ghafla. Amefiwa na baba mkwe, Kaliua.

Nimejaribu wa kuviringisha. Upuuzi mtupu. Mshipi unateleza kwenye nyasi, unakuja kujikusanya miguuni kwangu kama utumbo wa mbuzi. Nimerudia mpaka jua likawa utosini. Hauendi. Mto uko pale chini, lakini hapa ni marufuku kusogelea maji bila mwenzako wa kuangalia mamba, na wote wana kazi zao. Sikutaka kumbembeleza mtu.

Basi nimechagua. Wa juu.

Jumatano, 11 Septemba
Nimepanda kichuguu kutafuta mtandao. Mama Neema, mke wangu, ameanza kupasua shamba kwa jembe la mkono, peke yake, ardhi ikiwa bado kavu. Anasema akingoja mvua hatamaliza. Sauti imemkauka. Nikamwambia kazi inakwenda vizuri, mshahara wa kwanza tu nitatafuta ndama. Sijui kwa nini nilisema. Akacheka, mara ya kwanza tangu Meja afe. Nilishuka kichuguuni, nikaenda moja kwa moja uwanjani kurusha.

Ijumaa, 13 Septemba
Siri ni kusubiri. Nikiutupa nyuma nasema moyoni, Sukari. Nauacha unyooke, nasema, Meja. Ndipo nauleta mbele. Leo sufu haikukatika hata kidogo. Mpishi alikuwa anapita na kuni, akasimama kutazama.

Alhamisi, 19 Septemba
Unanyooka. Kila mara unanyooka, nyuma na mbele. Nimeogopa kufurahi.

Jumanne, 24 Septemba
Nimekwisha.

Kaka Kulwa alirudi jana usiku, hatukupata nafasi ya kuongea. Leo tumeshuka mtoni, yeye, meneja, mimi na mgeni mmoja mzee ambaye hajawahi kushika fimbo ya kurushia mshipi. Kazi yangu ilikuwa nirushe, aone, aige. Tukasimama kwenye ukingo ambapo kibebe hulala. Mbele maji. Nyuma ukuta wa mikuyu, matawi yanatugusa migongo.

Nikautupa nyuma. Sukari. Mshipi ukanasa kwenye mkuyu. Nikaunasua. Ukanasa tena. Mara ya tatu nikavuta kwa hasira, ncha ya fimbo ikavunjika. Mgeni alinigusa bega. Afadhali angenitukana.

Kaka Kulwa akachukua fimbo nyingine, akauviringisha. Mshipi ukajifunua juu ya maji, hakuhitaji hata shubiri moja nyuma yake. Nilimwambia mrusho ule haufanyi kazi, nilijaribu mwenyewe.

"Pakavu haufanyi, mdogo wangu. Maji ndiyo yanaushika mshipi. Sikukwambia?"

Hakuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa nimekodolea macho mikono yake. Mto huu wote ni miti. Ningetembea hatua chache nikatazama tu.

Jumatano, 25 Septemba
Meneja alikuwa mpole. Mapenzi ya kazi anayaona, ila wageni hawawezi kungoja. Ametoa gari linipeleke stesheni.

Kabla ya gari Kaka Kulwa alinishika mkono mpaka mtoni. Akasimama kuangalia mamba, akanipa fimbo yake. Nikauvuta mshipi polepole. Nikayasikia maji yakiushika, uzito mdogo tu kwenye kiganja. Nikausukuma. Ukaenda wote, ukalala pale nilipopatazama. Mara ya kwanza! Heri ungekataa.

Akaniambia nirudie. Nikamrudishia fimbo yake.

Ijumaa, 27 Septemba
Kaliua. Treni ya Tabora bado. Nimekalia begi katikati ya magunia ya karanga ya watu. Natunga maneno ya kumwambia Mama Neema kuhusu ndama, nayafuta, natunga mengine. Sitaki kufika. Naichukia mikono yangu.

Jumamosi, 9 Novemba
Puge. Mvua ya kwanza ilinyesha jana. Leo tumelima kwa majembe tangu alfajiri, mke wangu mstari wake, mimi wangu. Kwa jirani mjeledi unalia, plau inakwenda. Mama Neema ananishinda kila mstari, akifika mwisho anaegemea jembe ananingoja. Habari za ndama hajauliza tena.

Jioni nilitazama kwenye boriti, mjeledi wangu haupo. Nikaukuta uani. Mama Neema ameutumia kufungia mlango wa banda la kuku, mizunguko mitatu na fundo. Nikauvuta kidogo. Umekaza vizuri. Nikauacha.