Daktari Kaniambia Nina Mdomo Mchafu

Mpendwa mshauri, nisaidie maana nimechoka, na mwandiko wangu usiucheke, shule niliiacha mapema. Mimi nimepika kwenye jiko la kuni la shule mpaka nikastaafu, moshi nimeumeza wa kutosha, sasa mapafu yamegoma, nikitandika kitanda tu lazima nikae niheme, na kila kifua kikitibuka nalazwa, napewa dawa, natoka, narudi tena, hadi manesi wananiita Mama Mwenye Nyumba. Juzi daktari wa kifua, kijana wa kumzaa, kanisikiliza mgongo, kaniambia nifungue kinywa, halafu anasema, "Bibi, mdomo wako mchafu, ndio unaokuchokozea kifua." Mbele ya mke wa mwanangu! Najua ulimi wangu si mtamu, lakini siku ile nilimtukana nani? Nikamjibu, "Mchafu mama yako," nikabeba mkoba nikatoka, na mke wa mwanangu kashika ukuta anacheka, mjinga yule. Njiani ndipo ananieleza eti daktari alikuwa anasema ufizi, nikatibiwe kwa daktari wa meno. Kweli ufizi unatoa damu, naitema kwenye sinki huku nafungulia maji wasione, lakini ufizi na mapafu wapi na wapi? Sasa dawa ya kuvuta inakaribia kwisha, wa kuniandikia nyingine ni yuleyule kijana, na kuomba radhi mimi sijazoea. Mjukuu wangu wa mwisho nikianza kutafuta hewa anaziba masikio. Nifanyeje?

Bibi Mkaa

Bibi Mkaa, shikamoo. Kwa kifua nakupa pole, kwa ulimi sikupi. Kijana alichagua neno vibaya, nawe ukamtukania mama aliyekaa kwake hana habari.

Ufizi na mapafu ni majirani, Bibi. Ufizi ukiugua, vijidudu vyake vingine unavivuta pamoja na pumzi, vinateremkia kifua ambacho kimeshachoka. Wapo watafiti walioona kuwa wagonjwa kama wewe wakitibiwa ufizi, kifua hakiwatibuki mara kwa mara kama zamani. Wengine bado wanachunguza, kwa hiyo sikuahidi kupona. Moshi wa miaka yote ile hautoki kwa mswaki. Lakini damu hiyo ni ugonjwa, na unatibika. Unamficha nani? Sinki?

Mwite huyo unayemwita mjinga, mwonyeshe, ndiye atakayekusindikiza. Daktari wa meno mwambie mapema kuhusu mapafu yako na dawa zako, asikilaze kiti ukakosa hewa, kisha mwache akwangue ukoga wote. Dawa ya kuvuta usiiache, na kila ukishavuta, sukutua uteme.

Halafu rudi kwa yule kijana kabla dawa haijaisha. Kuomba radhi hujazoea? Basi usiseme kitu. Kaa kwenye kiti chake, ufungue kinywa. Ataelewa.