Mtani Wangu Amekalia Kiti Changu

Jumatano, masika. Mawingu yamepita tangu asubuhi bila kudondosha kitu, nami sina hamu hata ya chai.

Leo nimevuliwa uenyekiti wa shamba la kijiji. Aliyenivua ni Maganga, makamu wangu na mtani wangu: yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua.

Niandike taratibu, maana mkono una hasira.

Mvua ya kwanza iliponyesha, moyo uliniambia tupande kesho yake. Nimezaliwa hapa Kwaluguru, najua mvua yetu haingoji mtu. Lakini hili ni shamba la ujamaa, chakula cha kijiji kizima, na mimi ni mwanamke wa kwanza kukabidhiwa. Nikaogopa. Mbegu zikioza je? Wakisema nimekurupuka je? Nikaenda kwa Maganga, tukakaa jikoni kwa mkewe, akaniambia, "Mama Sefu, haraka ya nini? Msubiri bwana shamba atoke Handeni, lawama zisikuangukie wewe."

Nikasubiri. Bwana shamba alipofika, mvua ilikuwa imekatika. Tulipanda vumbini, na mahindi yameota moja moja kama meno ya bibi yangu.

Leo mkutanoni Maganga akasimama. "Ndugu zangu, mwenyekiti wetu ni mtu mwema, ila hawezi kuamua. Amesubiri mpaka mvua imetukimbia."

Niliinuka kusema kwamba ni yeye aliyenishauri nisubiri. Hata sijafika mbali, akadakia, "Mwoneni mtumwa wangu Mzigua, hata kosa lake anataka Mnyamwezi amsaidie kulibeba!" Watu wakaangua kicheko. Mikono ikanyooshwa, kiti kikawa chake.

Kwetu kuukasirikia utani ni aibu. Hata msibani mtani hukuchezea mbele ya maiti wako, nawe ukacheka. Basi nami nilicheka.

Hicho ndicho kinachonichoma zaidi.

Tena alikwisha kunionya. Tangu mavuno yaliyopita alikuwa akiniambia mbele ya watu, "Mzigua, ukizidi kuwaza, kiti hicho nitakikalia mimi." Moyo uliniambia si mzaha. Na kila mara nilijituliza: ah, ni utani tu. Baba yake alikuja Korogwe kukata mkonge, undugu wameupata kwetu, hawezi kunifanyia hivyo. Nilimtetea kuliko ambavyo angejitetea mwenyewe. Mawazo yote yale, na hata siku moja sikuwaza kwamba moyo umekwisha kunijibu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimelia kidogo, nikanawa uso.

Kesho ni palizi. Nitakwenda na jembe langu kama mwanakijiji yeyote. Maganga atasimama mbele kutugawia kazi, nami nitamuuliza kwa sauti, huku nacheka, "Mnyamwezi wangu, leo tupalilie, au tumsubiri bwana shamba kama ulivyonishauri jikoni kwa mkeo?"

Mkewe atakuwepo. Siku ile alikuwa anasonga ugali, alisikia kila neno.

Mama huyo akiinamisha kichwa je? Watu wakicheka tu, wasielewe, je?

Basi. Nimekwisha kuanza tena. Nitauliza, na Maganga atacheka apende asipende, maana hata kwao kuukasirikia utani ni aibu.